Siku ya Kumwamsha Bibi Harusi

Orval Pruitt aliijua ile harufu kabla hajainua kifuniko. Mtu aliyefuga nyoka wa jangwani tangu ujana wake hahitaji kuambiwa. Nyoka aliyelala salama hana harufu ila ya mchanga mkavu na magazeti ya zamani. Hii iliyomjia puani mle stoo ilikuwa ya kitu kilichooza ndani kwa ndani huku nje kikionekana kizima.

Aliinua kifuniko hata hivyo. Bibi Harusi alikuwa amejikunja vilevile kama alivyomwacha mwanzo wa kipupwe, kichwa kimefichwa chini ya mkunjo wa kwanza, mistari yake mitatu ya rangi ya kutu imenyooka kama iliyopigwa kwa rula. Alikuwa chatu mdogo, wale ambao watu wa Arizona huwaita chatu waridi, urefu wake haupiti mkono wa mtu mzima. Katikati ya mwili palikuwa na uvimbe. Orval aliugusa kwa kidole, kidole kikazama.

"Alikuwa amekula," alisema peke yake.

Nyoka halazwi usingizi wa kipupwe akiwa na chakula tumboni. Hilo ni jambo la kwanza kufundishwa mfugaji yeyote. Kabla ya kumwingiza kwenye baridi unamnyima chakula mpaka tumbo liwe tupu kabisa, kwa sababu mwili ukishapoa hausagi tena, na panya aliyemezwa hubaki pale akaoza na kumuua aliyemmeza. Orval hakuwahi kukosea jambo hilo hata mara moja. Mwaka huu pia alihesabu vizuri, akaacha kumlisha mapema, akangoja, ndipo akampeleka stoo.

Alisimama pale ameshika kifuniko, akikumbuka nyuma. Ndipo neno likamrudia. Jioni moja ya Novemba mkewe, Verlene, alikuja jikoni akifuta mikono kwenye aproni, akasema, "Nimempa panya. Maskini, alikuwa ananitazama."

Orval alikuwa anaosha sufuria. Hakugeuka. "Hiyo ilikuwa mwezi uliopita, mpenzi. Umesahau."

Verlene alifikiri kidogo. "Ee. Labda," alisema, akarudi kuketi.

Mwanamke aliyekuwa akisahau kila kitu, siku ile hakuwa amesahau. Alikuja na habari ya kweli mkononi, na mumewe akamrudisha nayo kama mtoto.

*

Verlene hakuzaliwa katika mambo ya nyoka. Alikuwa mpishi wa shule, mjane mwenye binti mmoja, alipoolewa na Orval, ambaye kazi yake ilikuwa kuendesha greda la halmashauri katika barabara za vumbi. Rafiki zake Orval walitaniana kwamba ndoa hiyo itadumu mpaka bibi huyo afungue friza na kukuta panya wamepangwa kando ya barafu. Mwaka wa kwanza, wakiwa garini jua likielekea kuzama nyuma ya mlima wa Dunmore, Verlene alimwambia mumewe asimame. Orval alidhani amegonga mtu. Mkewe alishuka, akaenda mbele ya gari, akainama, na aliporudi alikuwa na chatu mdogo amemzunguka kifundo cha mkono kama bangili.

"Haumi," alisema Verlene, kwa sauti ya mtu aliyedanganywa miaka yote.

Wakamwita Bibi Harusi. Tangu siku hiyo mke akawa mfugaji kumpita mume.

Katika nchi ile milima imekaa mmojammoja, na kati ya mlima na mlima kuna bonde la changarawe lisilo na mwamba wa kujificha. Chatu wa Dunmore havuki kwenda Palo Seco, wala wa Palo Seco haendi Dunmore. Kwa hiyo kila mlima una chatu wake, kwa rangi, kwa mistari, kwa tumbo. Wafugaji wanapokutana, swali la kwanza si nyoka ana urefu gani. Swali ni moja: "Wa mlima gani?" Mwenye kudanganya hapo huonekana mbaya kuliko mwizi, maana nyoka asiye na mlima ni kama mtoto asiye na ukoo. Utamfuga, utampenda, lakini hakuna atakayejua ni nani.

Verlene alilipenda swali hilo mpaka akalifanya utani wake. Akikutana na mtu kwa mara ya kwanza, awe mchungaji mpya wa kanisa au kijana wa kuleta mitungi ya gesi, alimpa mkono na kumwuliza, "Na wewe ni wa mlima gani?" Mtu akibabaika, Verlene alicheka kwa pembe za macho tu.

Halafu ugonjwa wa kusahau ukaingia. Oktoba, wafanyakazi wa barabara walimkuta anatembea peke yake kwenye mkondo mkavu wa mto, bila viatu, anakwenda kupika chakula cha mchana cha shule iliyofungwa zamani. Binti yake, Rhonda, alikuja siku ya pili yake kutoka Phoenix. Hakuja kwa ubaya. Alikuwa amepata nafasi katika nyumba ya kutunzia wazee karibu na kwake, na alitaka kumchukua mama.

"Anajua bado," Orval alimwambia. "Ngoja uone."

Akaleta picha za nyoka, akazipanga mezani kama karata. Verlene, ambaye asubuhi ile alikuwa amemwita binti yake kwa jina la dada yake marehemu, alizipitia moja moja. "Dunmore. Palo Seco. Huyu Palo Seco pia, ila mpigapicha alikuwa amelewa. Dunmore." Hakukosea hata moja. Rhonda, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumgusa nyoka, alizigeuza picha kusoma yaliyoandikwa nyuma.

Wakapatana. Kila mwaka mwishoni mwa Februari, Verlene ndiye aliyemwamsha Bibi Harusi, na siku hiyo ilikuwa kama sikukuu ya nyumba. Rhonda angekuja siku hiyo. Mama akimjua nyoka wake, angebaki nyumbani kwa Orval. Asipomjua, Orval angemwachilia aende. Walipeana mikono juu ya hilo, na Orval alikuwa mtu wa kutimiza alichopeana mkono.

Lakini tangu Krismasi hakuthubutu kumwonyesha mkewe picha tena.

*

Siku ya kumwamsha ilikuwa Jumamosi, na harufu aliikuta Jumatano. Alimzika Bibi Harusi nyuma ya nyumba chini ya mti wa palo verde, akaosha sanduku, kisha akaendesha gari hadi kwa Chuy Arvizu.

Chuy alikuwa fundi magari, na chumba cha nyuma cha gereji yake kilijaa nyoka. Wakati huo alikuwa chini ya gari la mteja, miguu tu ndiyo ikionekana.

"Kama umekuja kuazima jeki, sina," alisema bila kutoka.

"Sikuja kwa jeki."

"Basi umefuata kahawa yangu. Nayo imekwisha."

"Chuy, Bibi Harusi amekufa."

Miguu ilitulia. Chuy alijivuta nje polepole, akakaa sakafuni na spana yake mkononi. "Pole, mzee. Shemeji anajua?"

"Hajui."

"Utamwambia?"

"Nikimwambia atalia. Kesho atakuwa amesahau. Keshokutwa ataniuliza yuko wapi, nimwambie tena, alie upya. Na siku moja ataniuliza amekufaje."

Akamweleza habari ya panya. Chuy alisikiliza akiifuta spana ambayo haikuwa chafu.

"Yule jike wako mzee wa Palo Seco," Orval alisema. "Bado yupo?"

"Usiniambie unachotaka kuniambia."

"Umbo ni lilelile. Rangi inakaribiana."

"Rangi inakaribiana," Chuy alirudia. "Hayo ndiyo maneno ya Dwayne Hockett, siku tulipomshika na nyoka aliyembambikiza mlima usio wake. Tukapiga kura afukuzwe kwenye chama chetu cha wafugaji. Mimi nilikuwa bado nautafuta mkono wangu ulipo, wako ulishakuwa juu kama bendera."

"Nakumbuka."

"Ukamwambia, 'Heri ungeiba gari, Dwayne.'"

"Nimesema nakumbuka, bwana."

Chuy aliinuka, magoti yakalia. "Sikiliza sasa. Shemeji atamgeuza. Wa Dunmore tumbo lake kama maziwa, wa Palo Seco ana madoa kama machicha ya kahawa. Yeye ndiye aliyetufundisha kutazama tumboni, sisi wanaume wazima tunabishana juu ya mistari. Atamgeuza, ataona, atasema huyu si wangu. Na Rhonda atafahamu nini hapo? Atajua mama hamtambui hata nyoka wake. Atampakia garini jioni ileile."

"Hapo hapo nitamwambia Rhonda kweli yote. Nitamwambia nikicheka. Mama yako ana akili kuliko mimi, amenikamata."

"Na asiposema?"

Orval aliangalia nje, kwenye rundo la matairi. 

Chuy aliingia chumba cha nyuma, akarudi na foronya iliyofungwa fundo, ndani yake kuna kitu kizito kinachojizungusha. "Mimi sikukupa," alisema. "Umemwiba. Mtu akiniuliza, nitasema Orval Pruitt ameanza wizi uzeeni."

*

Jumamosi jua lilitoka bila upepo. Rhonda aliwasili mapema, koti la mjini mkononi, viatu vya mjini miguuni. Chuy alileta tamale za unga wa mahindi alizopika mkewe, zingali za moto ndani ya maganda yake ya mahindi. Verlene alikuwa amevaa gauni la samawati na kuchanwa nywele. Orval ndiye aliyemchana.

"Shemeji, leo umependeza kiasi kwamba nyoka ataona haya," Chuy alisema.

"Wewe ndiye wa kuona haya," alijibu Verlene. "Shati hilo ulivaa mwaka jana." Chuy akacheka, Rhonda akacheka, na Orval akahisi tumaini likimpanda kifuani, akaliogopa.

Walimkalisha Verlene barazani kwenye jua. Alinawa mikono kwa maji matupu bila sabuni, kama desturi ilivyotaka, ili nyoka asipate harufu ngeni. Hakuna aliyemwambia anawe. Orval aliliona hilo, akamtazama Rhonda aone kama naye ameliona. Kisha akaleta sanduku. Lilikuwa lilelile la miaka yote, lenye ufa pembeni uliobandikwa plasta. Akaliweka miguuni pa mkewe, akarudi nyuma.

Verlene aliinua kifuniko. "Umeamka?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Aliingiza mikono, akamtoa. Nyoka wa Palo Seco alikuwa mzee na mpole, akajilaza juu ya vidole vyake bila haraka, ulimi ukitoka na kurudi. Rhonda alisogea nyuma hatua. Verlene alimpitisha kutoka kiganja hadi kiganja, kisha mkono wake wa kushoto ukafanya ulichofanya miaka yote: ukamgeuza. Ukamgeuza taratibu, tumbo juu, kwenye jua la asubuhi. Madoa yalionekana wazi, meusi, mengi, tangu shingoni hadi mkiani. Mtu aliyesimama uani angeyaona.

Chuy alivua kofia.

Verlene aliliangalia lile tumbo. Aliliangalia sana. Orval alijikuta anaomba, naye hakuwa mtu wa kuomba nje ya kanisa. Hakuwa anaomba uongo wake upite. Sema, Verlene, alikuwa akiomba. Uliza nimekuletea takataka gani hii. Nitukane mbele ya binti yako.

"Bibi Harusi," Verlene alisema, akatabasamu. "Mzuri kama siku ile."

Rhonda alijifunika mdomo. "Anamjua," alinong'ona. "Orval, anamjua." Akaja, akambusu mama yake kichwani, akiwa mbali kidogo na nyoka, machozi yakimtoka. Alipompita Orval akielekea ndani, alimshika bega. "Ulisema kweli. Mimi ndiye sikuamini. Ngoja nimpigie yule mama wa nyumba ya wazee, nafasi wampe mwingine."

Mlango wa wavu ukajifunga nyuma yake.

Chuy alikuwa anaitazama milima kana kwamba hakuwahi kuiona. "Mzee," alisema kwa sauti ya chini, "macho yangu ni mabovu. Kila mtu anajua. Mimi leo sikuona kitu."

Orval alimsikia. Alielewa vilevile anachopewa. Nyumba ingebaki kama ilivyo, kiti chake na cha mkewe vikikabiliana mezani, na hakuna mtu duniani ambaye angejua ila wanaume wawili wazee na nyoka. Alichukua bakuli la maji, akapiga goti mbele ya kiti cha mkewe, maana nyoka anayeamka hupewa maji kwanza, na Verlene alipenda kumnywesha kwa kiganja.

Verlene alichovya mkono bakulini. Kisha akamtazama huyu mtu aliyepiga goti mbele yake, akamtazama kwa upole na adabu.

"Asante, bwana," alisema. "Na wewe ni wa mlima gani?"

Orval alitafuta kicheko kwenye pembe za macho. Alikitafuta kama alivyotafuta nyoka maisha yake yote, bila kupapasa, akingoja kitu kisogee. Hakikuwapo. Kilichokuwapo ni wema tu, ule ambao mtu humwonyesha mgeni.

"Wa Dunmore," alijibu. Akalishika bakuli kwa mikono miwili. "Mimi ni wa Dunmore, bibi."

"Ah." Verlene aliitikia kwa kichwa, ameridhika. "Wa Dunmore hawaumi."

Orval aliweka bakuli chini mahali mkono wa mkewe ungelifikia. Akainuka akishika nguzo ya baraza, akaingia ndani.

Rhonda alikuwa amesimama jikoni na simu mkononi, anatafuta namba.

"Usipige," Orval alisema.

"Kwa nini?"

"Yule si nyoka wake. Wake alikufa. Nilimzika Jumatano pale nje. Huyu ni wa Chuy, wa Palo Seco, mlima mwingine kabisa. Mama yako amemgeuza, amelitazama tumbo, na hakuona."

Rhonda aliishusha simu. Alimtazama baba yake wa kambo kama mtu anayesomewa lugha asiyoijua vizuri. "Lakini mimi nisingejua," alisema. "Orval, nisingejua kamwe."

"Najua usingejua."

"Basi kwa nini unaniambia?"

Alitaka kumwambia habari ya mikono waliyopeana, na habari ya Dwayne Hockett, na kwamba kuna mambo ambayo mtu akiyasemea uongo hana tena pa kusimama. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililofaa kwa saa ile.

"Ameniuliza mimi ni nani," alisema.

Rhonda alivuta kiti, akakaa. Tamale zilikuwa mezani, mvuke umekwisha. Rhonda akazifunika kwa kitambaa, akauliza, "Alikufaje? Yule mwingine?"

"Mama yako aliniambia jambo," Orval alisema, "nami sikumsikiliza."

 Akaenda chumbani kulitafuta sanduku la nguo la Verlene, lile la kahawia walilosafiri nalo zamani, na alipopita mlango wa wavu alisimama. Barazani Chuy alikuwa amechuchumaa, kofia magotini, akilisogeza bakuli karibu. Verlene alikuwa amekunja kiganja chake kikashika maji, akamsogezea yule nyoka wa watu, akimsemesha kwa jina la marehemu. Nyoka wa Palo Seco alinusa kwa ulimi, akainamisha kichwa, akanywa.